Kati ya Pili na Tatu

Kiinua mgongo changu nilikinunulia gari,
Toyota nyeupe ya mwaka tisini na nane,
lililovuka bahari na vumbi la watu wengine vitini
na kibandiko mlangoni nisichoweza kukisoma.
Nikiliwasha, mwanamke wa Kijapani aliyemo kwenye dashibodi
hunisalimu kwa adabu, kisha hunyamaza.
Miezi mitatu tulielewana.

Halafu likaja juma la baridi, Kabale yote ukungu.
Nikatia D. Gari likawaza.
Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
ndipo likaruka kama mtu aliyeguswa bega usingizini.
Na pale mlima wa Rugarama,
kati ya gia ya pili na ya tatu,
injini ikapiga kelele, magurudumu yasiwe na habari.
Kiinua mgongo kikashindwa kuinua mgongo wake.
Boda ikanipita na magunia mawili ya viazi,
na juu ya magunia mama mmoja na mwavuli,
akageuka kunitazama kwa huruma.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti.
"Giaboksi imekufa, Mwalimu. Nyingine iko Kampala,
milioni moja na laki nane, nusu tanguliza."
Wa pili alitaka kumwaga oili yote aweke yake,
ya debe, isiyo na jina.
Wa tatu alisema nimerogwa,
ila naye alitaka nusu.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Mwanafunzi aliyeruka kutoka swali hadi jibu
bila kuonyesha njia, nilimpa sifuri.

Nikaenda kwa Ndyanabo, nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa.
Sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni.
Akauliza kama daktari wa watoto:
Linachelewa asubuhi tu, au na mchana?
Ukikanyaga mafuta, au ukiachia?
Taa ya gia inapepesa, au imetulia?
Aliyekuuzia alikuambia nini?
Na nini hakukuambia?

"Tulipeleke mahali tambarare, tupime oili."
Tukacheka wote wawili. Tambarare, Kabale!
Tukaishia uwanja wa mpira, katikati, mbuzi wakitushangaa.
Injini inawaka, imeshapata moto;
akapitisha gia zote, P, R, N, D, na kurudi,
polepole, kama anayevuta tasbihi,
akachomoa kijiti, akakifuta, akakichomeka, akakichomoa,
akadondosha tone kwenye karatasi ya daftari langu.
Nyekundu iliyoanza kuchoka. Si nyeusi.
Akanusa. Akaninusisha.
"Haijaungua. Maiti hainuki hivi."

Tukaupanda tena Rugarama, kiganja chake juu ya gia,
macho amefumba.
Kelele ilipoanza hakushtuka.
"Hapa," akasema, na kuniomba niegeshe.

Chini ya boneti akavuta kwa kidole kebo nyembamba
itokayo kwenye koo la injini kwenda kwenye giaboksi
kuiambia mguu wangu umesema nini.
Imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.
"Mguu wako unaomba, giaboksi haisikii,"
akasema yeye, mwenye sikio moja.
Spana namba kumi na mbili. Nusu saa.
Shilingi elfu ishirini, na chai.

Jana tulipanda. Pili ikaiachia tatu
kama mama anavyompokeza jirani mtoto aliyelala.

Lakini asubuhi za baridi bado linawaza kidogo,
na Ndyanabo hakuniahidi zaidi ya Krismasi mbili.
Ameniambia nisiondoke kabla halijapata joto.
Basi nakaa, mikono kwenye usukani,
kioo kinatoa jasho,
na yule mwanamke anasema neno lake lile lile.
Nadhani anasema, subiri.
Au anasema, funga mkanda.
Namjibu kwa Rukiga, agandi,
nikisubiri sindano ya joto isogee.