Mazoezi ya Kutokuwepo

Jumanne siendi.
Tangu Januari, Jumanne siendi kinuni.
Nakaa hapa juu, nyuma ya reli, nachambua kunde,
na Luanda yote inanguruma chini bila mimi.

Alikuja kijana wa benki na kikokotoo chake.
Akahesabu injini, mizani, mabati ishirini na manne,
akapima ploti kwa hatua ndefu, kisha akauliza:
"Ukiondoka, Mama Ambani, ni nini kitaondoka nawe?"
Nikacheka. Nikamwambia, labda hii leso.
Usiku ule sikulala.

Maana vidole vyangu ndivyo vijuavyo:
unga ukitoka na chenga, chekeche limetoboka.
Sikio langu ndilo lijualo mkanda unavyoteleza msimu wa mvua.
Na daftari la madeni sikuliandika kamwe.
Rosebela hulipa bonasi ya chai ikitoka.
Yule wa mtama na muhogo mkavu asagiwe mwisho,
asije akawaachia watu weusi kwenye unga wao.
Na mjane wa pale stesheni, gorogoro yake moja
isipimwe. Imwagwe tu, isagwe, aende.
Haya nayaandika kwa kalamu gani?

Ambani hataki. Sikumlaumu.
Unga ulimlipia karo hadi chuo kikuu,
na mpaka leo akisikia injini ya dizeli anakohoa.
Alisema, "Mama, uza," kwa upole,
kama mtu anayekutua mzigo kichwani
bila kuuliza ulikuwa unaupeleka wapi.

Basi ni Anyanga.
Miaka kumi na tisa amekula vumbi lile lile.
Tumeandikiana kwa wakili huko Mbale:
atalipa kila mwezi, miaka sita,
na mwaka huu wa kwanza nimfundishe kwa kupungua.
Akatia sahihi polepole, kisha akauliza,
macho kwenye viatu vyake,
kama anaweza kupaka jina lake mlangoni.

Siku tatu sikuongea naye.
Ya nne nikanunua rangi. Nikachagua kijani;
nyekundu ilikuwa yangu.

Leo saa nne mashine imenyamaza.
Nimejua: ni mkanda. Au nyundo imekatika.
Nikavaa viatu. Nikafika kwenye ua wa mchongoma,
nikashika kijiti, nikakivunja, nikarudi.
Nikaketi na viatu miguuni,
kunde na maganda vimechanganyika sinia zima.
Nikahesabu mabasi ya Busia: moja, mawili, matano.
Hakupiga simu.
Simu ninayo mkononi, imejaa chaji,
na hakupiga.

Kisha ikawaka.
Si mlio wangu. Ni mzito kidogo, wa taratibu,
kama mtu asafishaye koo kabla ya kutaja jina lake.
Unga gani utatoka hapo, sijui.

Nimevua kiatu kimoja.