Glavu ya Kushoto

Punta Arenas, mji wetu, una milango miwili.
Mmoja ni mlangobahari, unaopitisha meli na baridi.
Wa pili ni huu wangu, wa mbao, rangi ya kijani,
bawaba yake ya juu inalia tangu Machi,
nao hupitisha watoto ishirini na watatu
kila siku, saa mbili kasorobo,
mwezi wa Juni, jua likiwa bado limejifunika gubigubi.

Upepo wa huku hauna adabu.
Njiani manispaa imefunga kamba
ili watu wapite wameishikilia,
na asubuhi ile nilimwona Yasna akija,
mkono mmoja kambani, mwingine umemshika Baltazar,
miaka mitatu, kofia imemshuka hadi puani.

Mlangoni Baltazar akawa kupe.
Nimeona vilio vingi: cha kwikwi, cha king'ora,
cha yule anayechungulia kati ya vidole
kuona kama kinafanya kazi.
Chake hakikuwa na sauti.
Alifumba macho, akang'ang'ania koti la mama
kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Bibi yake alikuwa amemfunza Yasna hila:
mwonyeshe toroli, akigeuka, toroka.
Akaonyeshwa toroli.
Akageuka.
Mama akayeyuka.

Alimtafuta chini ya meza,
ndani ya kabati la magodoro, nyuma ya pazia.
Hata ile sufuria ya plastiki ya kuchezea
aliifunua taratibu,
akaifunika tena.
Supu hakunywa.
Alikaa kwenye benchi la viatu
na koti lake mwilini
hadi saa tisa.

Kesho yake nilimngoja Yasna nje, upepo ukinipiga makofi.
Nikamwambia: mimi si mwalimu, mimi ni wa mlango,
lakini mtoto aliyetorokwa mara moja
hatageuka tena kutazama kitu kizuri.
Muage. Alie akijua.
Na mwambie utarudi baada ya nini, si saa ngapi;
saa haijui, supu anaijua.

Akavua glavu ya kushoto, nyekundu, ya sufu,
kidole gumba kimetiwa kiraka kwa uzi mweusi.
"Nitunzie. Mkono wangu utaona baridi.
Baada ya supu, baada ya usingizi, nitaifuata."
Akambusu mara moja (mara moja tu, tulikubaliana),
akaondoka akitembea, si kukimbia,
mkono wa kulia kambani, wa kushoto mfukoni.

Baltazar akalia, safari hii kwa sauti.
Nevenka akampakata. Shangazi Nevenka,
maana huku walimu wa chekechea
watoto wote huwaita shangazi.
Hakumwambia nyamaza.
Aliuliza tu: "Na glavu, ina njaa?"
Ikalishwa supu. Doa la karoti lipo mpaka leo.

Nisidanganye, ilichukua wiki tisa.
Jumatatu ilifuta kazi yote ya Ijumaa.
Mafua yakaturudisha nyuma, kisha likizo ya Julai,
kisha siku moja isiyo na sababu.

Leo Agosti inakwisha, nje kuna weupe kidogo.
Baltazar amepita chini ya kwapa langu
bila kuniamkia, mbio, toroli lisije likachukuliwa.
Yasna amebaki kizingitini, ameinyoosha glavu,
na upepo unaitikisa vidole
utadhani inapunga yenyewe.

"Hajaniaga," akasema.

Nilitaka kucheka, nikaona kidevu chake.
Basi nikamvuta ndani, nikaufunga mlango,
nikamkalisha kwenye benchi la viatu,
benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani,
nikamletea chai.
Kaa, nikamwambia.
Lia ukitaka.
Ukimaliza, nitakushikia mlango.