Maelezo ya Nia

Jina la kwanza: Sikujua.
Fomu haikucheka. Iliweka tiki ya kijani
ikasogea kwenye jina la ukoo.
Huko ng'ambo hawataona kichekesho:
Sikujua anaomba shahada ya uzamivu
katika sayansi ya kompyuta.
Hapa Chikongola wameshanicheka vya kutosha,
na mama aliyenipa hilo jina hadi leo hafafanui
ni nini hasa ambacho hakukijua.

Ada ya maombi: dola tisini.
Nikazigeuza shilingi, nikazigeuza kilo,
kilo za korosho ghafi, bei ya mnada wa pili,
halafu nikaacha kugeuza, nikalipa
kwa laini ya mama yenye jina langu.

Hapo ndipo penyewe.

Eleza, kwa maneno yasiyozidi elfu moja,
kwa nini unataka kufanya utafiti.
Rasimu ya kwanza niliandika kama wanavyoandika:
tangu utotoni nilivutiwa na teknolojia.
Uongo. Tangu utotoni nilivutiwa na ubwabwa.
Kompyuta niliiona kidato cha tatu, Tandahimba,
imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jeneza la mwenye heshima,
na ufunguo wa chumba aliondoka nao mwalimu aliyehamishwa.

Rasimu ya saba inaanza hivi:

Mama yangu, Siwema Mnali, alibangua korosho miaka kumi na tisa.
Ganda lina mafuta, na mafuta yale yanakula ngozi.
Majivu hayazuii. Nyonyo inachelewesha tu.
Mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole
tulipanga foleni kwa kijana mwenye fulana ya kampuni.
Kidole gumba: kikakataliwa. Futa jasho, mama.
Cha shahada: kikakataliwa. Kandamiza kidogo.
Kijana akapangusa kioo kwa pindo la fulana,
akavimaliza vyote kumi,
na kile kimashine kikaandika, kwa wekundu, kwa adabu zote:
weka kidole.
"Na hivi ni nini," mama akauliza, "bamia?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakusema lolote kuhusu kumi
vilivyoshindwa kufungua laini ya simu.

Basi nataka kujua, na ni swali la hesabu kabisa:
mashine ilipofundishwa mkono ni nini,
ilionyeshwa mikono ya nani?
Makala zinasema kosa ni dogo, watu wawili katika mia.
Mmoja wao namfahamu.
Amelala chumba cha pili, anakoroma.

Saa tisa usiku umeme ukakatika,
Mtwara hii hii ya gesi. Nikaendelea kwa betri,
nikifuta vivumishi kimoja kimoja
kama anayechambua mchele kwa tochi.
Barua ya mdhamini wa tatu ilikuwa haijafika.
Saa kumi na moja Dakta Chilumba akatuma ujumbe:
Nimeituma. Samahani, nilikuwa msibani.
Mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za kwao.
Kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja,
watoto wameshapanga mistari shuleni.

Saa moja na nusu nikamwita mama kutoka jikoni.
Bonyeza hapa.
Akafuta mkono kwenye khanga, akanyoosha kidole,
kile cha shahada,
laini, kinang'aa kama kijiko cha siku nyingi,
akasita.
"Haitanikataa?"
Hii haiulizi ni nani.
Akabonyeza. Kiduara kikazunguka,
kikasimama, kikazunguka.

"Wamesema ndiyo?"
Wamesema wamepokea.
"Aa. Kama chama cha msingi," akasema,
huku akirudi kuusonga uji wake.
"Wameshapima, wamekuandikia stakabadhi.
Hela ni habari nyingine."