Eda ya Wawili

Siku ya kumi na tisa ya eda yangu
Lali, mwana wa kaka yangu, aliingia na kikapu cha ukili
kimefungwa kwa kamba ya nailoni, kinapumua.
"Shangazi, nimemtoa kwenye birika la lile gofu la Langoni.
Siku tatu alikuwa akilia humo."
Daktari wa punda alikuwa amemshona paja
na kumkata ncha ya sikio, alama
kwamba ugomvi wa usiku juu ya mapaa haumhusu tena.

Bi Swabra akauliza kutoka upande wa pili wa wikio:
"Ni dume? Na eda yakubali dume asiye maharimu?"
Nilicheka,
kisha nikaona haya, kama aliyepiga chafya katikati ya khitma.

Mpe chumba kimoja, daktari alisema, nyumba nzima itamtisha.
Nikampa ndani, penye samadari,
mimi nikahamia msana, na mkeka wangu.
Mchanga kwenye sinia kuukuu. Maji. Dagaa wa kuchemsha, bila chumvi.
Usimkodolee macho: fumba polepole, fumbua polepole.

Siku ya kwanza hakuwa paka.
Alikuwa giza chini ya kitanda, lenye macho,
na mlio kama wa marekani mpya inayochanwa.
Siku ya pili vivyo hivyo.
Siku ya tano alinichana mkono toka kifundo hadi kidole.
Nikapaka manjano, nikamwambia: haki yako.
Mimi pia, wiki ile ya kwanza,
kila aliyeniletea uji na kuniambia "subiri"
nilitamani kumng'ata.

Baada ya magharibi nilikaa kizingitini mwa chumba chake,
mgongo nimempa, nikisoma Yasini.
Ikiisha, nilimsimulia yaliyoletwa na Lali:
pweza amepanda bei,
punda wa Bwanaheri ameingia dukani akala mkate wa watu,
mvua imetoboa dari ya madrasa.
Hakujibu. Lakini dagaa walikuwa wakiisha.

Mwezi wa pili nilianza kumsikia usiku.
Alipima nyumba kwa ukuta, bega likisugua chokaa,
akanusa ndara za Famau pale zilipo
(sijazisogeza, msiniulize),
akaenda chooni, akagundua birika,
na ndani yake samaki wangu watano wala viluwiluwi.
Alikaa ukingoni hadi alfajiri
kama mtu aliyeona televisheni mara ya kwanza.

Kisha ile kofia.
Famau aliiacha nusu, safu tatu za vito,
sindano ingali imechomekwa.
Niliiweka kidakani, mahali pa juu kuliko pote.
Nikamkuta nayo sakafuni, uzi umo menoni,
safu nzima inafumuka.
"Ata! Ata uzi huo, we!"
Sauti ikagonga zidaka zote ikanirudia,
na sikuitambua. Nilikuwa nikinong'ona tangu mazishi.
Yeye akatoweka chini ya samadari.
Mimi nikalia kwa kelele, nilivyokatazwa siku ile,
hadi Bi Swabra akagonga ukuta kuuliza.
Nilipofuta macho alikuwa ametoka,
hatua mbili tu, amekaa,
akifumba polepole, akifumbua polepole.

Wanawake walikuja na udi na buibui jipya.
Waliniosha, wakala, wakaondoka,
wakauacha mlango wazi, wa kwanza baada ya siku zote zile.
Njia ilikuwa ileile, mavi ya punda yaleyale.
Alifika hadi dakani, akanyoosha mguu mmoja nje,
akaurudisha, akaulamba.
Nilivaa viatu. Nikavivua.
"Kesho," nikamwambia. "Leo tutazame tu."

Asubuhi nilihesabu samaki wa birika.
Wako wanne.
Sikumuuliza.