Koti Msumarini

Bwana wa chuo alipanda bonde la kijito cha Sorrel,
mashine ya santuri ikiyumba mgongoni mwa nyumbu,
akamkuta bibi yangu, Orpha Stidham, kibarazani
anamenya matufaha ya kukausha.
Akauliza: Wimbo huu aliutunga nani?
Bibi hakuinua macho. Ganda lilishuka
refu, jekundu, halikukatika.
"Mimi nilipewa na shangazi Luvenia,
yeye kwa mchuuzi wa sindano na vifungo,
na mchuuzi aliupata njiani,
kama mtu apatavyo mafua."

Wenyewe ni mfupi. Mume kashuka mgodini Jumatatu,
koti lake kaliacha msumarini.
Mke haligusi. Theluji yapenya nyufa za mbao,
yatua mabegani mwa koti, haiyeyuki.
Basi. Kama alirudi, wimbo hausemi.

Ng'ambo ya reli, Ransom Tolliver
alikuwa na banjo ya kibuyu na ngozi ya mbuzi;
umbo lake, alisema, wazee wake walivuka nalo bahari
kichwani, maana mikono ilikuwa na minyororo.
Kwake hapakuwa na mgodi wala Jumatatu.
Mume aliuzwa mnadani, kabla uji haujapoa,
na koti lilikuwa blanketi.
Bwana akaandika daftarini: Namna ya pili.
Ransom akachungulia.
"Ya pili kwa nani?"

Miaka ikapita, karani wa mahakama akafukua jalada:
alikuwepo kweli Doak Fugate, mchimba makaa,
asiyefukiwa na jiwe lolote. Alihamia Ohio
na mke wa jirani,
akafa mnene, kitandani, ana duka la viatu.
Bibi alipoambiwa alicheka hadi kisu kikamdondoka.
Kisha akakiokota.
"Koti si lilibaki?"

Mama aliuimba Dayton, juu ya masufuria,
nami niliuchukia. Shuleni walitucheka lafudhi,
nikajifunza kusema kama redio.
Halafu kaka yangu Verlin akaenda zamu ya usiku kiwandani
na asubuhi wakaniletea funguo zake ndani ya bahasha.
Nilisimama mbele ya kofia yake, pale mlangoni,
nikausikia mdomo wangu ukianza
kwa lafudhi ileile ya bondeni,
na nilipofika penye koti nikatia kofia.
Ilizidi silabi moja.
Wimbo ukasogea, ukaipa nafasi.

Santuri ipo bado, kabatini mwa chuo, imebandikwa namba.
Niliomba kuisikia. Kabla ya ubeti wa kwanza
kuna kisu, krr, krr, juu ya tufaha.
Baada ya ubeti wa mwisho kuna kimya,
bwana anakohoa,
na bibi: "Zima hiyo, mwanangu.
Matufaha yanageuka rangi."