Sampuli

Nimeshuka Goweko na kiboksi cha barafu begani,
ndani chupa mbili, mfukoni kalamu ya wino usiofutika
na barua ya ofisi: kisima namba kumi na saba,
maji yapimwe, taarifa ifike kabla ya Ijumaa.
Treni imeniachia vumbi na muuza karanga.
Kijana wa pikipiki kaniuliza, "Kwa Nyamizi?"
Ofisini hakina jina.
Huku hakina namba.

Kilomita tisa za miombo.
Mizinga ya nyuki juu ya matawi,
mabani ya tumbaku matupu, bado yananukia msimu uliopita.
Mchanga ukashika gurudumu, tukasukuma.
Ukashika tena, tukasukuma.
Mara ya tatu nikasema niache hapa,
na miguu ikajua njia kabla yangu.

Kwa maana nilishaletwa.
Mgongoni, miaka minne, surua imenifunga macho kwa ukungu.
Mama alitoka Kitete na kichupa cha matone,
akafikia kwa shangazi, hapa jirani.
Asubuhi alinitonesha kama daktari alivyoagiza,
jioni akaninawisha kama shangazi alivyoagiza,
na hakuna kati yao aliyeambiwa habari za mwenzake.
Siku saba: tone, maji. Tone, maji.
Siku ya nane nikaona kuku.
Nimekuwa, nimesoma, nimemuuliza:
Mama, kilichoniponya kipi?
"Unaona, huoni?"
Naona.
"Basi kachote maji."

Nilitarajia ukubwa wa kumbukumbu.
Nimekuta shimo la kuenea ndama,
mawe matano yaliyolainishwa na magoti,
na mkuyu uliovishwa vitambaa:
pindo la kanga, bandeji, ukosi wa sare ya shule,
soksi moja ya mtoto.
Changu sikijui. Mama hakusema rangi,
na sasa yuko mahali nisipoweza kuuliza.

Mlinzi ni Kalunde Ntabo, rika langu,
ana redio, ana daftari, hana tabasamu.
"Viatu. Na sufuria hapana, chuma kinamkera."
Na chupa ya plastiki?
Akafikiri, akapunguza redio.
"Nyamizi hakuiona plastiki. Hakuikataza."

Nyamizi, anasema, alikuwa mpagazi
katika msafara wa pembe. Homa ikamlaza,
wenzake wakamwachia kibuyu kitupu wakaendelea pwani.
Akachimba kaburi lake kwa mikono,
asije akaliwa na fisi.
Lilipomfika kiunoni, likajaa maji.
Waliporudi msimu wa pili walimkuta hai, mnene.
Akawauzia maji.

Nimepiga goti kwenye jiwe la nne.
Nyayo za ng'ombe ukingoni, mavi ya mbuzi, jani linaoza:
najua maabara itasema nini,
nimeshaiandika sentensi hiyo visima kumi na sita,
na nitaiandika tena, kwa sababu watoto wanayanywa,
na nitaomba bomba, na uzio, na dawa.
Chupa ya kwanza nimeijaza, nimeifunga, nimeibandika namba.
Ya pili ilikuwa ya akiba.
Nimeikinga palepale,
nikaimimina yote usoni.

Baridi. Ni hilo tu.
Baridi ya kitu kilichokaa gizani
bila kukusubiri.

"Andika," akasema Kalunde. Jina, kijiji, sababu ya kuja.
Juu yangu watu wameandika: macho. Mtihani. Mume.
Tumbaku imekataliwa sokoni. Macho. Mimba. Macho.
Nikaandika: sampuli.
Wino haufutiki, nikasahau.
Nikaukata mstari, nikabanana chini yake:
shukrani, nimechelewa miaka thelathini na moja.

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.
Nilidhani atasema kitu.
"Mia tano," akasema.
"Na ile chupa nyingine, mia tano."