Duka la Bendera

Duka langu, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.
Chaja, miavuli, kufuli, kadi za simu,
na tangu mwaka ule Barcelona ilipofurika maandamano,
bendera.
Zatoka kiwanda kimoja, zafika katoni moja,
nyekundu na njano juu ya njano na nyekundu.
Hii ina mistari mingi, ile ina michache;
hii imetiwa nyota, ile imevishwa taji.
Yuro sita. Sipunguzi kwa mzalendo yeyote.

Remei wa ghorofa ya nne alichagua ya nyota.
Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa:
"Bashir, taifa si damu. Damu ni mambo ya hospitali.
Taifa ni lugha. Sema Kikatalani, nawe ni wetu."
Nikasema. Akanisahihisha.
Nikarudia. Akanisahihisha tena, kwa upendo.
Wetu, basi, lakini labda kesho.

Eustaquio wa ghorofa ya pili alichagua ya taji.
Miaka hamsini iliyopita alishuka treni toka Jaén
na sanduku la mbao lililofungwa kwa mkanda wa babake;
watoto wa mtaa wakaicheka lafudhi yake.
"Lugha ni ukuta," aliniambia. "Taifa ni sheria.
Aliye chini ya katiba ni raia, hana kabila, hana kwao kwingine."
Nikamuuliza: na faili langu, mwaka wa saba sasa?
Akaanza kukagua miavuli.

Yule kijana mwenye viatu vya jeshi hakueleza kitu.
Naye alitaka ya taji, kubwa kuliko zote.
Aliirusha noti juu ya kaunta ili asiguse kiganja changu.
Eustaquio alikuwapo. Alishusha macho,
akaikunja yake ndogo, akaificha kwapani,
kama mtu aliyelikuta jina lake kwenye tangazo la mhalifu.

Sicheki. Mimi ni nani nicheke?
Babu yangu Karam Din alitoka Jalandhar kwa miguu
mwaka ambao taifa lilikuwa dini.
Alifika Lyallpur ameshika kamba ya nyati;
nyati mwenyewe hakuwapo.
Kila Agosti alipandisha bendera juu ya paa, akalia,
wala hakutuambia kama analilia bendera au nyati.
Mpaka anazikwa, aliposema "kwetu"
alinyoosha kidole upande wa pili wa mpaka.
Nami, darasa la tatu, niliimba alfajiri uwanjani
huku mwili ukinisisimka. Ulisisimka kweli.
Asiyewahi kusisimkwa asinihubirie.

Jumanne ilinyesha.
Rangi ya kiwandani haijui uaminifu:
nyota ya Remei ilichuruzika hadi ghorofa ya pili,
ikanywewa na mashuka meupe ya Eustaquio
na bendera yake, ambayo nayo ilikuwa ikitiririka kwenda chini.
Wakagombana ngazini kwa lugha mbili hadi saa sita usiku.
Asubuhi wakaingia dukani pamoja, bega kwa bega,
kila mmoja na furushi lake bichi.

"Sisi tunataka fedha zetu," alisema Remei.
"Sisi tunalipa kodi hapa tangu hujazaliwa," akadakia Eustaquio.
Sisi.
Nimelisikia neno hilo kwa lugha tano,
na katika zote tano nilikuwa nimesimama upande huu wa kaunta.
Nikahesabu yuro kumi na mbili.
Wakitoka, Eustaquio alimshikia Remei mlango.

Jioni nimezibeba bendera hadi kona ya mtaa.
Pipa la buluu ni la karatasi, la kijani la chupa,
la njano la makopo, la kahawia la maganda na makombo,
na la kijivu ni la vitu visivyo na kwao.
Nimelifungua la kijivu. Nimesimama.
Maji mekundu yanadondokea viatu vyangu
na mkono hautaki kuachia.